Shauri la Mkeka wa Kiunza

Mzee Faki Juma alikuwa ameshateremshwa kaburini na viunza, zile mbao za kaburini, vimeshapangwa juu yake. Vijana wawili walikuwa wakiukunjua mkeka ili wautandaze kabla ya mchanga, pale picha ilipozimika. Wanawe walioko Maskati, waliokuwa wakiyatazama mazishi kwa mbali huku wameshikana mikono, waliona weusi mtupu na juu ya weusi huo maandishi meupe: UMBO HILI LINA MWENYEWE. MATANGAZO YAMESITISHWA.

Kijichame, kisiwani Pemba, mazishi yaliendelea, maana maiti hamsubiri mtu. Ila imamu alipomaliza talakini na kuwasha simu yake, alikuta vilio vya Maskati vimejaa tele, kila mmoja akiuliza baba yao kafanywa nini.

Ilikuwa ni enzi ambayo kila umbo lililosajiliwa lilikuwa na mlinzi wake. Huyu mlinzi hakuwa mtu wa kupewa rungu na kibanda getini. Ilikuwa ni akili ya mashine inayozurura katika kila picha inayorushwa duniani, harusi, mpira, vikao vya bunge, ikipima mistari na rangi. Mlinzi wa kampuni ya vitanda ya Lepe aliuona mkeka ule kwa kitambo kidogo tu. Akaupima, akaufananisha na umbo lililotandikwa juu ya kila kitanda cha Lepe kuanzia Lamu mpaka Mtwara, kisha akafungua kesi mwenyewe, bila kumwamsha bosi wala wakili. Amri ya zuio ilifika Kijichame wali wa msiba ukiwa bado uko mekoni: wanawake wa kijiji hicho wasisuke tena umbo hilo mpaka mahakama iamue. Mlinzi ana haraka, hana haya.

Basi mkeka wenyewe haukuwahi kuuzwa. Wanawake wa Kijichame husuka mikeka ya kila namna kwa ajili ya soko, lakini huu husukwa siku ile ile mtu anapofariki. Kila nyumba huleta ukili wake mmoja, utepe mrefu uliosukwa kwa miyaa ya mkindu, wa rangi na nakshi inayojulikana kuwa ya nyumba ile, na wakati maiti anaoshwa, kili hizo hushonwa pamoja. Mkeka hufunika jeneza linapotoka mlangoni, halafu huteremka kaburini na kutandazwa juu ya viunza. Hakuna anayebakisha hata kipande, kwani kuweka ndani ukili wa kiunza ni kumwalika mgeni usiyemtaka. Haupigwi picha pia. Safari hii tu, kwa kuwahurumia watoto wa Mzee Faki, wazee walinung'unika wakakubali.

*

Mahakama ya Alama na Maumbo ya Mwambao ilikaa Tanga, na jaji aliyepangiwa shauri hilo alikuwa Salha Mbwana, mwanamke mwenye sauti ndogo na sifa ya kusoma kila karatasi aliyowekewa mbele. Kabla ya lolote, alitamka kwamba nyumbani kwake analalia kitanda cha Lepe. Akauliza kama kuna mwenye pingamizi.

"Mheshimiwa, hata mimi ninacho," alisema Raya Shaame, wakili wa wanawake, mzaliwa wa Pemba yeye mwenyewe. "Tukimtafuta jaji asiyekilalia, tutangoja sana."

Watu wakacheka. Wakili wa Lepe, Evarist Mallya, naye alicheka, kisha akasimama na kuanza kazi yake. Ni vizuri isemwe mapema kwamba Mallya hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sheria upande wake, na aliijua.

"Mheshimiwa Jaji, umbo la Lepe lilisajiliwa miaka minane iliyopita. Usajili ni ushahidi kwamba umbo lilikuwa jipya. Anayesema halikuwa jipya, yeye ndiye alete kilichokuwepo kabla. Tumeomba kipande cha mkeka wa zamani, hakuna. Picha, hakuna. Mchoro, hakuna. Tunaambiwa upo ardhini. Sasa, Mheshimiwa, tufukue makaburi?"

Kwenye benchi la wadaiwa walikaa wanawake wa Kijichame waliofika kwa boti, mabuibui yao bado yana chumvi. Katikati yao alikuwa Bi Mize Hamadi, aliyeshtakiwa kwa niaba ya wenzake wote kwa kuwa yeye ndiye huita watu kusuka. Aliposikia neno la kufukua, alitikisa kichwa polepole.

Jaji Salha akauliza kama wanawake hao wanaweza kusuka kili zao hapo hapo mahakamani, kila mmoja wa nyumba yake, ili ionekane kwamba umbo wanalo vidoleni.

"Wataweza," alisema Mallya. "Hata mimi, nikifundishwa kusuka, ningeweza. Nimelilalia umbo hilo miaka mitano. Nani Mwambao huu hajaliona? Watakachosuka leo hakituambii walijifunza lini wala kwa nani."

Jaji alitamani pingamizi hilo liwe la kipuuzi. Halikuwa la kipuuzi. Akalikubali huku moyo ukimuuma.

*

Kilichobaki kilikuwa Kioo.

Sheria iliruhusu Kioo pale tu ambapo hakuna ushahidi mwingine, na kwa ridhaa ya shahidi. Siku iliyofuata walikaa faraghani chumbani kwa jaji: Bi Mize, mawakili wawili, na Daktari Nuhu Sengasu, aliyekiendesha chombo hicho kwa niaba ya mahakama. Nuhu alikuwa mwembamba, mwenye tabia ya kusugua miwani yake kila anapotaka kueleweka.

"Kumbukumbu haikai mahali pamoja kama nguo sandukuni," alimweleza Bi Mize. "Kuna ile ya kwanza kabisa, ya macho. Halafu kila unapoisimulia, kichwa kinaandika nakala nyingine, na nyingine. Kioo kinaitafuta ile ya macho, kinaitoa ikiwa na tarehe yake, kwa sababu ubongo una umri wake kama mti. Mahakama inaona ulichokiona, siku uliyokiona. Haidanganyiki."

"Na yangu?"

"Ile ya macho inaungua, mama. Ikifunguka haifungi tena. Lakini nakala za masimulizi zinabaki. Mtu huwa anajua kilichotokea, ila hakioni tena akifumba macho."

Bi Mize aliitazama miwani ya daktari. "Kwa hiyo n'tajua, ila sintaona."

"Ndivyo."

Kumbukumbu aliyokubali kuitoa ilikuwa ya mazishi ya mwanawe. Haji alikuwa na miaka kumi na sita alipoanguka kutoka kwenye mkarafuu, msimu wa mavuno, miaka minne kabla ya Lepe kusajili umbo lake. Bi Mize alikuwa amewahi kuuona mkeka wa kiunza mara nyingi, lakini kwa misiba ya wengine yeye huwa amejiinamia na ukili wake, akishona. Siku ya Haji hakupewa kushona. Alisimama mlangoni, akautazama mkeka wote.

Daktari Nuhu aliuliza swali analoliuliza kila shahidi. "Msiba huu unasimuliwa?"

"Kijichame nzima wanaujua," alijibu Bi Mize.

Nuhu akaridhika, akavaa miwani yake. Hakuna aliyeona kwamba swali lilikuwa moja na jibu lilikuwa la swali jingine.

Jaji Salha alisogeza kiti chake. Alikuwa amelelewa Pangani na nyanya yake, na hakuweza kumsemesha mwanamke huyu kama shahidi namba fulani. "Shikamoo, mama. Jana sikupata nafasi ya kukusalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Hulazimishwi. Ukikataa leo, hakuna atakayekulaumu, na mimi mwenyewe nitaandika kwamba ulikuwa na haki ya kukataa."

"Nikikataa, tunashinda?"

Jaji aliweka kalamu chini. Kusema ndiyo kungekuwa uongo, na kusema hapana kungekuwa kumsukuma. Alisema, "Sioni njia nyingine. Lakini kutoiona mimi si sababu ya kukuunguza wewe."

Bi Mize alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayemhurumia mwenzake. "Weye mtoto mzuri. Hebu nikwambie. Wiki ile ilipokuja amri yenu, jirani yangu Kazija alifiwa na kichanga. Tumekaa pale na miyaa tumeshaichana, rangi tumeshatia, askari wa shehia kasimama mlangoni anatwambia haifai, mahakama imekataza. Kile kitoto kikaenda hivi hivi. Mchanga juu ya mbao. Kazija mpaka leo akisikia mvua hutoka nje akasimama." Akafuta mikono yake kwenye leso, ingawa haikuwa na kitu. "Mie nimeutazama mkeka wa mwanangu miaka kumi na mbili. Umenitosha. Na wa wengine nao wafunikwe."

Mallya alikuwa anatazama dirishani.

Usiku wa kuamkia siku ya Kioo, Salha Mbwana alilala sakafuni pembeni ya kitanda chake.

Kama angelikataa ombi, Lepe wangeshinda kwa sheria safi, na maiti wa Kijichame wangeenda bila kufunikwa. Kama angelikubali, mama angetoa cha mwisho alichobaki nacho cha mwanawe ili kuthibitisha jambo ambalo kila mtu chumbani mle alishaliamini. Hicho ndicho kilichomkera. Waliamini wote, mpaka Mallya, lakini mahakama haiamini, mahakama huthibitishiwa. Akajiuliza ni nani aliyetunga sheria ambayo masikini lazima alipe kwa kitu chake cha ndani ili aambiwe kwamba chake ni chake. Jibu alilijua: ni watu kama yeye, kwenye meza kama yake, kwa nia njema kabisa. Asubuhi akasaini.

*

Kioo hakikuwa kioo. Kilikuwa kofia laini ya kijivu na ukuta mweupe. Bi Mize alikaa, akavishwa kofia juu ya mtandio, akasoma Fatiha. Taa zikapunguzwa.

Mwanzoni ukutani kulitokea ukungu. Kisha likaja jua la mchana kwenye kizingiti, miguu ya watu wengi, kanzu. Kisha jeneza likapita katikati ya mlango, na juu yake mkeka.

Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Ulikuwa ule ule: mistari ya urujuani, meno meusi yaliyokabiliana, ukingo wa njano uliorudi mara mbili kwenye pembe. Lilikuwa umbo walilolitandika Mwambao mzima, wakalizalia watoto juu yake, wakalikojolea na kulianika. Pembeni ya picha uliingia mkono wa mwanamke, ukajilaza juu ya mkeka, vidole vimetanuka. Jeneza likasimama kidogo kwa ajili ya mkono ule. Mkono mwingine, wa mtu mwingine, ukaja ukaunyanyua taratibu, na jeneza likatoka nje kwenye mwanga.

Ukuta ukawa mweupe. Tarehe ilisimama chini yake, miaka minne kabla ya usajili.

Mallya alisimama. Alikuwa na haki ya kuuliza maswali, na alikuwa ameyaandaa. "Mheshimiwa Jaji," alisema, "upande wa madai hauna swali." Akakaa.

Jaji Salha alisoma uamuzi siku ile ile, kwa kuwa hakuona sababu ya kuwaweka watu. Uamuzi wenyewe ulikuwa mfupi kuliko alivyozoea:

"Umbo haliwi jipya kwa sababu aliyelisajili hakuwahi kuliona, au kwa sababu waliokuwa nalo hawakuwahi kuliuza. Mahakama imeliona umbo hili mahali lilipokuwa kabla ya mdai kulisajili. Lilikuwa juu ya mtoto. Usajili wa Lepe unabatilishwa tangu siku ulipofanyika. Zuio linaondolewa. Mahakama inatamka pia kwamba umbo hili halitasajiliwa na yeyote, wakiwemo wadaiwa, ambao hawakuomba hivyo, na ambao kwa mila yao hakuna hata mmoja anayemiliki zaidi ya ukili wake."

Vigelegele vikalipuka, na karani, aliyepaswa kuvikataza, akajifanya anatafuta kalamu. Kazija alikuwa amemkumbatia Raya, wote wawili wanalia. Katikati ya furaha hiyo Bi Mize, aliyekuwa bado kwenye usingizi wa Kioo, alivuliwa kofia. Akanyanyuka, akaweka mtandio wake sawa, akaangaza ukumbini kama mtu aliyesinzia safarini.

"Yamekwisha?" alimwuliza Raya. "Tumeshinda? Alhamdulillahi. Basi twendeni zetu boti isituache. Haji sijamwachia chakula."

Vigelegele vilikufa kimoja kimoja, kadiri maneno yale yalivyomfikia kila mwanamke.

*

"Haiwezekani," Nuhu alirudia, chumbani kwa jaji, miwani mkononi. "Msiba wa mtoto wa pekee, miaka kumi na mbili! Lazima uwe na nakala mamia. Watu husimulia. Hulia kwa ndugu, huota wakasimulia ndoto."

"Kwetu si hivyo," alisema Raya. Alikuwa hajaketi. "Kijichame, mtoto akizikwa, ikipita arubaini jina lake halitajwi tena mbele ya mamake. Hatumtaji, naye mama hatutajii. Kumtaja ni kumfukua. Ndiyo heshima tuliyonayo. Hata mimi nimekulia huko na sikufikiria, dakta. Sikufikiria. Tulidhani unauliza kama unajulikana."

Nuhu alikaa chini. "Kwa hiyo alikuwa nayo ile moja tu. Hajawahi kuisema hata mara moja."

"Majuzi ndipo alipolitaja jina lake mara ya kwanza, hapa ndani, kwetu sisi. Na hiyo nayo?"

"Ilikuwa changa mno," alisema Nuhu. "Imeondoka pamoja na ile ya macho iliyoizaa."

Jaji Salha aliuliza kama Bi Mize anaweza kuambiwa.

"Anaweza. Ataandika nakala mpya, na itabaki. Lakini ataisikia kama habari ya leo, Mheshimiwa. Atafiwa upya. Mimi nisingemshauri mtu amwambie. Anamwona mwanawe yuko hai, tatizo liko wapi?"

Jaji alimtazama kwa hasira iliyomshangaza yeye mwenyewe. "Tatizo ni kwamba anamngoja."

*

Jaji alivuka kwenda Pemba baada ya mwezi, bila dereva wa serikali na bila joho. Raya alimpokea bandarini na njia nzima alimweleza. Bi Mize alikuwa mzima, anapika, anasuka, anatania watu. Kila mchana alipakua sahani mbili, moja akaifunika kawa. Jioni aliifunua, akaitazama, akawapa kuku. Kwanza alisema Haji amekwenda Wete. Halafu akasema labda amevuka Unguja kutafuta kazi, watoto wa siku hizi hawaagi. Sasa alikuwa ameanza kuwauliza majirani, na majirani walikuwa wanainamisha vichwa, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa kufanya.

"Hawawezi, Mheshimiwa. Si kwamba hawataki. Wanafungua mdomo, hakuna kinachotoka."

Bi Mize alimkaribisha jaji kwa mikono miwili. Alimkumbuka vizuri, na kesi aliikumbuka, na ushindi. Alimkalisha kwenye mkeka mpya, akamletea maji na ndizi za kukaanga, akamwuliza habari za Tanga. Kando ya ukuta ilikuwepo sahani iliyofunikwa kawa. Wanawake wa jirani walikuja kumsalimu mgeni, wakajikalia ukumbini na kili zao mapajani. Kazija alisimama mlangoni, hakuingia.

Mazungumzo yalikwisha, na vidole vya wanawake vikapunguza mwendo. Bi Mize akaweka kando miyaa yake.

"Mwanangu," alisema. "Weye hakimu. Kazi yako ni kusema lililo kweli. Hawa wenzangu kila nikiwauliza wanatazama chini, na mie si mjinga, mtu hatazami chini bure. Mwanangu Haji yuko wapi?"

Salha Mbwana alikuwa ameandaa maneno tangu kwenye boti. Yote yalikuwa mazuri na hakuna lililofaa. Aliogopa, kuliko alivyowahi kuogopa akiwa kitini pake.

"Haji alifariki, mama," alisema. "Alianguka mkarafuuni. Ni miaka kumi na mbili sasa. Ulikuwa unajua. Ulitupa sisi kumbukumbu yako ili watu wa Kijichame wafunikwe, na tulipoichukua tukachukua na hili. Hatukujua kwamba huna nyingine. Nisamehe."

Bi Mize hakupiga kelele. Mikono yake ilishika mkeka aliokalia, pande zote mbili, kama anayezuia usipeperuke. Aliwatazama wenzake mmoja mmoja, na safari hii hakuna aliyetazama chini. Machozi yakaanza kumtoka bila sauti, yakashuka mpaka kidevuni, hakuyafuta.

Kisha akauliza, "Alifunikwa?"

"Alifunikwa."

"Umeona?"

"Nimeona kwa macho yako. Mkeka ulikuwa mzima, wa kili zote, na ukingo wa njano. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni. Jeneza lilipopita uliweka mkono wako juu yake, nao wabebaji wakasimama wakakungoja. Hawakukuharakisha."

Bi Mize aliufungua mkono wake wa kulia, akakitazama kiganja. "Nani aliuondoa?"

Jaji hakujua. Kioo hakikuonyesha uso. Alikuwa anataka kusema hivyo, pale sauti ilipotoka mlangoni, ya kukwaruza, ya mtu anayelipita katazo alilolikuta duniani.

"Ni mie, Mize," alisema Kazija.

Watu wote waligeuka. Kazija aliingia, akapiga magoti mbele ya mwenzake, akaushika ule mkono wa kulia kwa mikono yake miwili.

"Haya," Bi Mize alimwambia. "Kaa. Nambie siku ile ilivyokuwa. Anza asubuhi, alipotoka."

Kazija akakaa. Akalitaja jina la Haji, kisha akaanza kusimulia tangu asubuhi.